Siku Tulipoulizwa Tunakula Mara Ngapi

Moshi wa maganda ya korosho ukikuingia puani, siku hiyo haukutoki tena. Ni moshi mzito, mkali, una mafuta ndani yake, unawasha macho na kulala kwenye nywele, na mpaka leo nikipita mahali wanapokaanga korosho hujikuta nimesimama. Papo hapo nimerudi Mingoyo, uani kwetu, na Mama ameinama juu ya kipande cha bati, anageuza korosho kwa mti mrefu, kitambaa amejifunga puani. Mama alikuwa akibangua korosho za watu. Akishazikaanga, alikaa chini na kuzigonga moja moja, akitoa kiini kile cheupe bila kukivunja, kwa sababu korosho iliyovunjika haikuwa na thamani kwa mwenye mali. Mafuta ya maganda huunguza ngozi. Vidole vya Mama vilikuwa vyeusi, vimebabuka, na usiku alivipaka mafuta ya nazi, akavipuliza kama mtu anayepoza uji. Nilikuwa na miaka tisa, na nilidhani vidole vya akina mama wote viko hivyo.

Nyumbani tulikuwa watatu. Nyumba yenyewe haikuwa ya Mama, ilikuwa ya Bibi, mama yake marehemu baba. Baba alifariki kabla sijajua kutembea, na watu walitegemea Mama angefunga mzigo arudi kwao, lakini hakurudi. Alibaki na mkwewe, wakazoeana hadi ikawa kama mtu na dada yake, wakinuniana asubuhi na kucheka mchana. Bibi miguu ilikuwa imeshakataa. Alishinda kitandani, kitanda cha kamba, akisuka ukili na kunitania. Aliniita mke mwenzake, kwa maana mimi na yeye tulikuwa wake wa Babu, na Babu, alisema, alinipenda zaidi mimi ingawa alikufa bila kuniona. Ile nyumba Babu ndiye aliyeijenga kwa mikono yake, ya miti na udongo, ikaezekwa makuti. Bibi aliolewa akaingizwa kwa mlango ule wa mbele, na alikuwa na neno moja ambalo hakuchoka kulisema: siku yake ikifika, atolewe kwa mlango huohuo. Hakutaka kingine. Hakuomba hata dawa ya miguu.

Lakini ukuta wa chumba chake, upande wa nyuma, ulikuwa umepata ufa. Ulianza mwembamba, mimi nikiwa darasa la kwanza, na kufikia msimu ule ninaousimulia niliweza kupitisha mkono wangu mzima nikawachezeshea kuku vidole kwa nje. Mama aliuegemeza ukuta kwa kipande cha mnazi. Makuti nayo yalikuwa yamechoka. Mvua ikinyesha tulisogeza kitanda cha Bibi kutoka pembe hii hadi ile, naye akiwa juu yake, akituambia tusimwangushe, yeye si gunia la korosho. Tulicheka. Sasa nikikumbuka sioni tulichokuwa tunacheka.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, lazima niseme jinsi nilivyolelewa, maana bila hilo mtu ataniona mjinga tu. Kwetu pwani mtoto hafundishwi kusoma kabla ya kufundishwa kushiba. Nikitumwa kwa jirani yetu Mama Zainabu kuchukua moto, nikawakuta wanakula, nikakaribishwa, jibu lilikuwa moja: "Ahsante, nimeshakula." Nikikaribishwa mara ya pili, nimeshakula. Mara ya tatu, vilevile, na hapo niwe nimeshaanza kuondoka. Mama alinifanyisha mazoezi. Alijifanya yeye ndiye Mama Zainabu, akaninyooshea sahani tupu, na nikisitasita alinifinya kidogo pajani. Mambo ya ndani hayatoki nje, alisema. Siku tulizokula ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa kwa chumvi, tulikula mlango umerudishwa, ingawa nusu ya mtaa nao walikuwa wanakula ming'oko milango yao imerudishwa. Na zilikuwapo siku ambazo hata hiyo hatukuipata, tukanywa uji usio na sukari saa nne, basi, mpaka kesho. Hizo ndizo siku nilizosema nimeshakula kwa sauti kubwa zaidi.

Basi ukaja mradi. Watu walisema ni wa kusaidia kaya zisizo na uwezo: watapewa posho kila baada ya miezi, na wale ambao nyumba zao zina hali mbaya watapewa mabati, mbao na saruji. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano shuleni kwetu, chini ya jua la saa tano, na utaratibu ulikuwa kwamba wananchi wenyewe wawataje majirani zao wanaostahili. Fikiria jambo hilo. Mtu anasimama mbele ya mtaa mzima, ananyoosha kidole, anasema fulani ni maskini, na fulani yumo humo humo amekaa. Mama Zainabu ndiye aliyemtaja Mama. Alisema yule mjane, mwenye mkwewe asiyetembea, nyumba itawaangukia. Alisema kwa huruma kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pa Mama, nikaona anavuta khanga mpaka kwenye nyusi na kutazama mchanga. Tulipofika nyumbani alimweleza Bibi, na Bibi, ambaye akikasirika alichanganya Kimwera na Kiswahili, aliongea maneno mengi ambayo sikuyaelewa, kisha akauliza: "Hayo mabati, watayaleta lini?"

Mwenyekiti alipita akasema kwamba hatua inayofuata ni mtu wa mradi kuja nyumbani, Alhamisi, kuona na kuuliza maswali. Sasa hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa moyo mweupe. Kwa sababu wao walisema mtu anakuja kuona hali yetu, na sisi tulichosikia ni kwamba mgeni anakuja.

Mama alianza maandalizi Jumanne. Alikandika upya baraza kwa udongo mwekundu. Alikwenda kwa Mama Zainabu akaazima viti viwili vya plastiki, birika, vikombe vyenye maua na mkeka mpya ambao ulikuwa haujakaliwa. Mama Zainabu alitoa vyote bila kuulizwa maswali, maana hata yeye alipopata wageni kutoka Dar alikuja kuazima kawa letu. Jumatano Mama alisaga hina, akajipaka vidoleni, nene, akavifunga kwa kitambaa. Alisema hawezi kumpa mgeni kikombe kwa vidole vilivyoungua. Asubuhi ya Alhamisi vidole vyake vilikuwa vyekundu vizuri, kama vya mwali. Kisha akaingia chumbani kwa Bibi, akatazama ukuta, akatoka na doti yake ya khanga mpya, ile aliyoiweka sandukuni tangu Idi, akaitundika juu ya ufa kuanzia juu hadi chini. Kipande cha mnazi akakiondoa, akakilaza nje, kwa sababu kilikuwa kinaharibu sura ya chumba. Bibi alikitazama chumba chake kilivyopendeza akasema, "Mke mwenzangu, leo tunaolewa tena."

Sukari na unga wa mchele vilitoka dukani kwa ahadi. Mama alipika vitumbua tisa. Navikumbuka kwa idadi kwa sababu sikuwa nimekula tangu jana yake mchana, na nilivihesabu vikitoka kwenye kikaango kimoja baada ya kingine, harufu ya nazi na iliki imejaa uani, kwa mara ya kwanza ikaushinda moshi wa korosho. Havikuwa vyetu. Nilijua havikuwa vyetu bila kuambiwa.

Aliyekuja alikuwa dada mmoja mpole, amevaa viatu vilivyojaa vumbi, na fomu zake kwenye ubao. Alimwamkia Bibi dirishani, akaitikiwa. Alikaa kwenye kiti cha Mama Zainabu, akamiminiwa chai kwenye kikombe cha Mama Zainabu, akasema kwamba kwa kweli hawaruhusiwi kula kwa watu. Mama alisema, "Mwanangu, utaniaibisha." Yule dada akala kitumbua kimoja kwa heshima. Mama akamwongeza cha pili. Kisha mgeni akauliza, akaandika: Mama alikuwa na maradhi yoyote? Hapana, afya nzuri. Bibi je? Hajambo, alhamdulillahi, ni uzee tu. Viti hivi viwili, vyenu? Mama akasema, "Karibu, kaa vizuri." Angesemaje kwamba ameazima, na mwenye viti yuko kwenye uzio hatua tano, anafua nguo iliyokwisha takata zamani ili asikie? Yule dada akatazama vidole vyake, akatabasamu, akauliza kama kulikuwa na harusi. Mama naye akatabasamu, akaificha mikono ndani ya khanga. Kisha yule dada akaomba kuona ndani. Alisimama mlangoni pa chumba cha Bibi, akaona kitanda kimetandikwa, na ukutani khanga mpya. Hakuifunua. Nani anaingia kwa mtu akafunua pazia?

Alipotoka aliniona nimekaa kwenye ngazi ya baraza, akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza jina. Nadhani alinipenda. Labda pia walikuwa wamefundishwa kwamba watoto hawadanganyi. Akauliza, "Eti Somoe, hapa nyumbani mnakula mara ngapi kwa siku?"

Nikamtazama Mama. Nikaiona ile sahani tupu ya mazoezi. Nikasema, "Mara tatu." Na kwa kuwa yule dada alikuwa bado ananitazama, kama vile Mama Zainabu anavyokaribisha mara ya pili, nikaongeza, "Na samaki."

Akaandika. Alisimama, akaaga, akashukuru kwa chai. Alipofika barabarani Mama alinivuta akanikumbatia, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara, akasema, "Umejibu vizuri, mwanangu." Vitumbua saba vilikuwa vimebaki. Tulivila watatu chumbani kwa Bibi, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena kwa kitu kidogo vile. Nilijiona ndiye niliyeyaleta mabati.

Majina yalisomwa wiki kadhaa baadaye, palepale shuleni. Sisi watoto tulikuwa darasani na madirisha yalikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia orodha yote. Walisoma mpaka mwisho, wakakunja karatasi. Nilidhani kuna karatasi nyingine. Mwalimu alinichapa kwa kutazama nje.

Jioni ile Mama alinichukua tukaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonishinda kwa miaka mingi, kwamba sikumpata mtu mbaya popote. Alitupatia viti, akasikiliza mpaka mwisho. Mama aliongea kwa sauti ndogo. Alisema kuna ufa nyuma ya ile khanga. Alisema viti si vyake. Kila neno alilitoa kama anatoa mwiba. Mwenyekiti alijikuna kichwa akasema, "Mama Somoe, mimi nyumba yako naijua. Lakini majibu yameshakwenda. Hayako kwangu tena."

"Yamekwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Yamekwenda," alisema, na akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara kuu, ambako magari yalikuwa yanapita, mengine ya Mtwara, mengine ya Dar. Alisema tusubiri awamu nyingine. Tulisema ahsante. Mkewe alitukaribisha chakula, na tulisema tumeshakula.

Mvua za mwaka ule zilikuja mapema na hazikuwa na haraka ya kuondoka. Mama alirudisha kipande cha mnazi kwenye ukuta, akakiongezea kingine. Ilikuwa Ijumaa, wanaume wamekwenda msikitini, mimi na Mama tukiwa uani tunakinga maji, tukasikia kishindo kizito cha udongo. Hakikuwa kikubwa. Ukuta uliangukia nje, Mungu alimnusuru Bibi, na tulipokimbilia tulimkuta kitandani kama alivyokuwa, ukili mkononi, anatazama mgomba wa Mama Zainabu ambao siku zote ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Mvua ilikuwa inamnyeshea miguuni. Alisema, "Kumbe mgomba umezaa." Mama alikaa chini kwenye tope akalia, na mimi nikawa nimesimama na ndoo.

Tulijaribu kuziba kwa turubai. Majirani walileta fito, lakini udongo haukamatani kwenye mvua, na Bibi akaanza kukohoa. Mwishowe mpwa wake anayeishi Mtama alikuja na gari kumchukua. Kabla hajabebwa nilikwenda kumwambia, nikiwa nimelificha jambo lile tangu siku ya majina. Nilimwambia kwamba ni mimi. Nilisema tunakula mara tatu, na nikasema na samaki, na ndiyo maana hatukupata mabati. Nililia mpaka nikapaliwa. Bibi alinishika sikio, taratibu, akasema, "Sasa ulitaka umwambie nini mgeni?" Aliuliza kweli, akingoja jibu. Walimtoa kwa kule nyuma, kwenye ukuta ulioanguka, kwa sababu gari liliweza kusogea upande ule tu na mlango wa mbele ulikuwa mwembamba kwa kitanda. Alifariki Mtama kiangazi, akazikwa huko huko. Mama alisema ni ajali tu ya njia, kwamba Mungu haangalii mlango. Mimi naangalia.

Leo ninaishi Rasbura, Lindi mjini, nimepanga chumba kimoja. Ninafundisha watoto wa chekechea kwa kujitolea, neno ambalo maana yake ni kwamba ninapewa kitu pale wazazi wanapokuwa na kitu. Bati ninalo juu ya kichwa, la mwenye nyumba. Mama yuko palepale Mingoyo, katika vyumba viwili vilivyobaki, bado anabangua korosho ingawa macho yamepungua. Ninampelekea ninachoweza, na ninachoweza hakifiki mwisho wa mwezi. Najua hivyo kwa sababu Mama Zainabu hunipigia simu kwa siri, akaniambia mama yako jana alishinda na maji matupu.

Mwaka jana Mama Zainabu alipiga akasema mradi umerudi, wanaandika upya. Niliomba ruhusa nikaenda siku moja kabla. Nilimkataza Mama kuazima chochote. Nilikuta khanga imeshatundikwa ukutani, nikaitoa. Alitaka kukandika baraza, nikaficha udongo. Alinitazama kama mtu aliyezaa mwendawazimu, lakini aliniacha. Nilikuwa nimelisubiri swali lile kwa miaka ishirini na sikukusudia kulikosa tena.

Safari hii alikuwa kijana, na badala ya ubao na fomu alikuwa na tableti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu, samahani hatuna hata kiti." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Aliuliza ya umri, ya maradhi, ya simu, ya choo. Kisha akauliza milo mingapi kwa siku. Kabla Mama hajafungua mdomo nikasema, "Mara moja. Siku nyingine hata hiyo haipo."

Kidole cha yule kijana kilisimama juu ya kioo. Mama akacheka kidogo, kicheko cha upole cha kumwombea mtu radhi. "Msamehe, mwanangu," alisema. "Huyu haishi hapa, hajui. Yuko mjini, mwalimu. Na ananiletea kila kitu, hajaniacha hata siku moja."

Yule kijana akanigeukia. Ningesema nini? Niseme mama yangu ni mwongo, mbele yake, barazani kwake? Niseme haniambii kweli, simletei kila kitu, ana mtoto mmoja tu duniani na bado analala na maji? Alikuwa ananisitiri mimi. Kijana alingoja kidogo, kwa adabu, halafu akabonyeza, na majibu yakaenda.

Alipoondoka, Mama aliingia jikoni akatoka na sahani moja ya ming'oko, bado inafuka moshi, akaiweka mbele yangu. Nilichungulia ndani, sufuria ilikuwa imeshafunikwa kifudifudi.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshakula, Mama."

"Kula."

"Nimekula mjini kabla sijaja."

Alinikaribisha mara ya tatu. Nikasimama, nikaanza kutafuta viatu vyangu, kama alivyonifundisha. Ndipo akaivuta sahani kwake, akageukia ukutani, akaanza kula.